Utomvu Kwenye Boneti ya Njau

Hebu niambie ukweli. Bwanako anarudi kila Alhamisi na boneti imejaa utomvu wa saiprasi, na huko Membley mnakoishi hakuna saiprasi hata moja. Utafikiria nini?

Usijifanye mtakatifu. Ngendo alifikiria mwanamke.

"Njau, leo ulipark wapi?"

"Thika. Kazi tu."

"Kazi gani hiyo ya chini ya miti?"

Kimya. Huyo ndiye Njau.

Alinyamaza hivyo hivyo msichana wao wa kwanza alipofariki siku aliyozaliwa. Ngendo akiwa bado wodini, wanaume wa kanisa walienda na Njau wakazika. Wazee wakasema mama asionyeshwe kaburi, atajiumiza bure. Njau hakumtaja mtoto tena, na Ngendo hakumsamehe.

Basi kila Ijumaa Ngendo alilowesha kitambaa kwa spiriti, akakikandamiza pale mpaka utomvu ulegee, akapangusa polepole rangi isikwaruzike. Gari alilihurumia. Mwenye gari, wapi!

"Msalimie huyo wako wa miti," alikuwa akimwambia.

Halafu presha ikamwangusha Njau akiwa kazini. Akaenda hivyo tu, jamani.

Kwa mazishi kulikuwa na mama mmoja mgeni aliyelia kuliko jamaa. Ngendo akauliza chini chini, akaambiwa ni Nafuna, anauza mboga mtaa wa Landless, huko huko Thika. Ndiye huyu!

Matanga yalipoisha, akawasha gari akaenda mpaka Landless.

"Wewe! Ulikuwa na nini na bwanangu?"

Nafuna aliweka chini kisu cha kukatia sukuma wiki.

"Mama Nyakio, nilijua utakuja. Twende."

Nyakio ni mamake Njau, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Ngendo hivyo.

Walivuka barabara na gari wakaingia makaburini. Ngendo akapark chini ya saiprasi kubwa. Hapo kulikuwa na kaburi dogo, limepandwa maua, na msalaba umeandikwa kwa rangi: Nyakio wa Njau.

"Mimi humwagilia maji," Nafuna akasema. "Yeye alikuwa anapark hapa, analia kwanza ndani ya gari, ndio ashuke. Nilimwambia akulete. Akasema, 'Mke wangu ameanza kupata usingizi. Wacha nisimrudishe kule.'"

Ngendo aliketi kwa udongo na nguo zake za matanga.

"Woi, Njau. Na mimi nilikuwa nafuta. Kila wiki nilikuwa nafuta."

Alipoinuka jioni, tone jipya lilikuwa limeangukia boneti. Spiriti na kitambaa vilikuwa kwa buti ya gari. Hakuvigusa.

Siku hizi ni yeye hupark pale kila Alhamisi.

Kwa hivyo nyinyi mnaolala kitanda kimoja na uchungu mmoja, nawaomba, lieni pamoja. Njau alidhani anamkinga mkewe. Ngendo alidhani bwanake hajali. Mtoto alikuwa wa wote wawili, na hawakuwahi kusimama pale pamoja hata mara moja.