Vichwa vya Injini vya Ruanda na Lundo

Niliondoka Mbinga kwa sababu afisa wetu alikuwa amegawa vichwa vya injini kwa usawa. Ndugu zangu wa Korogwe, hamjasoma vibaya. Kijiji cha Ruanda, huku milimani, na kijiji cha Lundo, kule ziwani, kila kimoja kina lori kuukuu la dizeli la aina moja. Kila injini ina vichwa viwili, vile vifuniko vizito vya chuma vinavyofunga silinda kwa juu, na kila lori lilikuwa limepasua kimoja. Vilipoletwa vipya viwili, vya toleo la baadaye, nilisema vyote vifungwe lori moja, na vya zamani vilivyo vizima viende lori la pili. Afisa, ambaye spana ameiona mezani kwangu tu, alisema huo ni ubaguzi. Kila kijiji kikapewa kipya kimoja, fundi mmoja mtiifu wa idara, yaani mimi, akavifunga, na malori yote mawili yakafa.

Saa nne asubuhi nilifika Ruanda kwa Landrova ya idara na dereva wake. Ghala lilijaa kahawa mpaka mlangoni, na mawingu yalishaanza kukusanyika. Mvua zikikolea, barabara ile haipitiki. Nilimkuta mwenyekiti, Mzee Ndunguru.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kutufufulia lori?”

“Nimekuja kuchukua kichwa chenu kipya. Nitawaletea cha zamani kutoka Lundo, kilingane na hiki chenu cha zamani.”

“Watu wangu walikipigia vigelegele kile. Watasema nimekiuza.”

“Kimo hakilingani, Mzee. Bomba la moshi linakaa upande, gasketi, ile karatasi ya kuzibia, inavujisha maji mpaka kwenye oili.”

“Kifungue basi. Lakini kahawa hii ikioza, nitakuja Mbinga kukutafuta wewe, si afisa wako.”

Kutoka Ruanda barabara inateremka mpaka joto la ziwa linakupiga usoni. Msafiri mwingine angewaandikia juu ya maji na milima ya ng’ambo. Mimi nilikuwa nimekumbatia chuma kisinivunje miguu.

Lundo, mchana, katibu wa kijiji, Mama Nombo, alinipa ugali wa muhogo na samaki mbasa.

“Afisa alituambia usawa ni kila mtu kimoja,” alisema.

“Mama, afisa ana viatu viwili. Mwambie kimoja ampe Mzee wa Ruanda.”

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Kabla jua halijazama vichwa vipya vilikuwa pamoja, injini ikinguruma bila kutoa tone la maji.

Kesho yake nilirudi Ruanda na kichwa cha zamani, nikakifunga. Lori lilipowaka, Mzee Ndunguru alikwenda ghalani akajitwika gunia la kwanza mwenyewe. Niliionea haya ofisi yangu.

Mbinga, siku ya Ijumaa, nilitoa taarifa.

“Kwa hiyo Lundo wana vipya viwili,” alisema afisa, “na Ruanda hawana hata kimoja?”

“Malori yote yanatembea, Bwana Afisa.”

“Sikukuuliza kutembea. Jumatatu nitayakagua hapa. Nikute kila lori lina kipya kimoja na cha zamani kimoja.”

Nusu ya kahawa ilikuwa bado ghalani. Nilitoka ofisini nikaenda stoo kuchukua kopo la rangi ya kijivu.

Jumamosi, Ruanda, nilisugua kichwa kimoja nikakipaka rangi mpaka kikang’aa. Jumapili, Lundo, Mama Nombo alitoka misa akakwangua masizi ya sufuria zake zote, tukayachanganya na oili chafu, tukakipaka kimoja kati ya vile vipya. Kilizeeka miaka kumi kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu malori yalisimama mbele ya ofisi, injini zikinguruma, la Ruanda likiwa na shehena. Afisa aliinama na shati lake jeupe, akahesabu kwa kidole. Kimoja kinang’aa, kimoja cheusi. Akaenda la pili. Kimoja kinang’aa, kimoja cheusi.

“Unaona, Fundi?” alisema. “Ukifuata maagizo, malori yanatembea.”

Nilisema ndiyo, Bwana Afisa. Nyuma yake Mzee Ndunguru alikuwa anashusha magunia ya mwisho ya kahawa ya Ruanda kwenye ghala la Mbinga. Ufundi nilijifunza huko kwetu Korogwe. Kumwogopa mtu asiyejua anachokagua nimejifunza Mbinga.