Nilimjibu Mrusi kwa Simu ya Mke Wangu

Mke wangu alilalamikia kichwa siku ya Jumapili, na Jumatano tukawa tunatafuta jeneza. Ilikuwa presha, walisema. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali pale Tororo, upande wa Uganda, muuguzi akatoka, akaniita kando, akaniambia. Nikasema, "Haya." Sikupiga kelele wala sikuanguka. Nilimuuliza kama kuna fomu ya kujaza.

Fomu ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani wa mawakala wa forodha mpakani Busia, na kwa miaka mingi nimejaza karatasi za simiti, mafuta ya kupikia, mabati na mitumba inayovuka kati ya Uganda na Kenya. Kwetu ni Usamia, upande wa Kenya. Kwa desturi yetu mke huzikwa kwao mume, kwa hiyo ilibidi mwili uvuke, na karatasi zake nikazijaza mwenyewe. Afisa mmoja tuliyezoeana naye aliniona nikikaribia dirisha lake na faili, akauliza kama anavyouliza kila siku, "Leo mzigo gani?"

"Mke wangu," nikasema.

Alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni. Aligonga muhuri, akatoka ofisini, akasimama juani na kofia mkononi mpaka gari likapita. Mimi nilikuwa nahesabu nakala nione kama zimetimia.

Baada ya mazishi nilikaa nyumbani wiki mbili, halafu nikarudi Tororo, kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga. Nilifungua mlango nikijua kwamba maua ya mke wangu yatakuwa yamekufa. Hayakuwa yamekufa.

Yalikuwa vayoleti, vikopo thelathini na kimoja, kwenye rafu za mbao alizozitengenezesha mbele ya dirisha la sebuleni linalotazama mashariki. Mke wangu alisomea kazi ya maabara Urusi, miaka sita, na bwenini alikaa chumba kimoja na msichana wa huko aliyejaza dirisha lao maua haya. Aliporudi alikuja na majani matano, ameyafunga kwa pamba yenye majimaji ndani ya kikasha cha sabuni. Jani moja ukilikata kikonyo mshazari, ukalichomeka kwenye udongo mwepesi, ukalifunika na mfuko wa plastiki, baada ya miezi miwili huchipua watoto ubavuni pake. Hivyo ndivyo matano yalivyozaa mengine, na yule rafiki akawa anamtumia aina mpya kila alipopata msafiri. Wageni wakisema ni maua ya Kizungu, mke wangu alikuwa akiwasahihisha: asili yake ni milima ya Usambara, kule Tanzania, Wazungu waliyachukua, na Warusi wakayazalisha mpaka yakawa na mikunjo kama gauni la bibi harusi, madoa, na kingo za rangi ya pili. Kila kikopo alikiandika jina kwa herufi za Kirusi, ambazo mimi sizijui.

Nilikuwa nimeishi na maua hayo miaka tisa bila kuyagusa. Siku ile ndiyo nilipoinama kuona jinsi yalivyokuwa yanakunywa. Kila kikopo cha yogati kilikuwa kimetobolewa chini, na uzi wa sweta kuukuu ulipita kwenye tundu ukaingia katika mkebe wa siagi wenye maji. Uzi ndio uliokuwa unavuta. Mikebe ilikuwa karibu kukauka. Nikachota maji ya mvua kwenye pipa, nikaijaza. Sikufanya hivyo kwa mapenzi. Mikebe ilikuwa mitupu, na mimi nilikuwa nimesimama hapo.

Simu yake niliendelea kuichaji kwa sababu watu walikuwa bado wanapiga kutoa pole. Jumapili moja ukaingia ujumbe wa Kirusi, kutoka kwa yule rafiki wa bwenini. Niliunakili kwenye programu ya kutafsiri. Ulisema: "Mpenzi, umenyamaza sana. Warembo wetu wanaendeleaje?"

Ningeweza kumwambia. Lakini kila niliyemwambia alilia, na kila aliyelia nililazimika kusimama mbele yake nikisubiri amalize. Nilichoka kusubiri. Nikaandika, "Wanaendelea vizuri," nikatafsiri, nikapiga picha ya rafu, nikatuma. Akajibu kwa mioyo myekundu, mistari miwili mizima.

Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikajibu tena. Ikawa desturi. Aliniambia, yaani alimwambia mke wangu, asisahau kuyapangusa vumbi kwa brashi laini, kwa kuwa majani yana manyoya na hayapendi kuloweshwa. Vumbi Tororo lipo la kutosha, malori hayakomi barabarani. Nikachukua brashi yangu ya kunyolea, nikawa nafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kwenda Busia. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza dagaa, aliniona dirishani.

"Baba," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "wewe kulia hapana lia hata siku moja. Lakini maua nakwenda papasa kila asubuhi."

"Yana vumbi," nikamwambia.

"Aya. Kama ni vumbi."

Yule Mrusi hakuandika habari za maua tu. Mwezi wa sita aliandika ujumbe mrefu juu ya mume wake, kwamba anakunywa, kwamba amevunja sahani zote za mama yake, kwamba yeye mwenyewe anafikiria kumwacha. Niliusoma nikiwa kazini, kati ya faili mbili za mabati. Nikaandika neno ambalo watu wote walikuwa wameniambia mimi tangu mazishi: "Pole. Vumilia, yatapita." Nikarudi kwenye mabati.

Mwezi wa nane ua moja lililokuwa jeupe lenye ukingo wa buluu lilichanua jeupe tupu. Nilipiga picha nikatuma. Jibu lilichelewa, halafu likaja hivi: "Ukingo umepotea kwa sababu ya joto, hilo naelewa. Lakini kwa nini lina vichwa vitatu vya majani? Wewe ungeking'oa kila kichipukizi cha ubavuni kikiwa bado kama punje ya mchele. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Unaumwa?"

Sikuwa nimejibu bado simu ikaanza kulia. Ilikuwa simu ya picha. Niliiacha ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Mara ya tatu nikapokea.

Nilimwona mwanamke wa makamo mwenye miwani, amekaa jikoni. Nyuma yake dirisha lote lilikuwa vayoleti. Aliniangalia, akataja jina la mke wangu, kwa sauti ya kuuliza. Tulizungumza kwa Kiingereza, chake kikichechemea, na changu vilevile.

"Amefariki," nikasema.

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

Alihesabu kwa vidole, nikiviona. "Na anayeniandikia ni nani?"

"Ni mimi. Mume wake."

Akaweka kiganja mdomoni. Akalia, kwanza kimya kimya, kisha kwa sauti, na mimi nikasubiri kama nilivyowasubiri wengine, nikitazama maua yake nyuma ya bega lake. Aliponyamaza alivua miwani.

"Nilikueleza habari za mume wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia nivumilie."

"Ndiyo."

"Yeye asingeniambia hivyo. Nilishangaa kwamba ni yeye, lakini nikafikiri, akisema yeye basi ana sababu. Nikabaki." Akarudisha miwani machoni. "Nimebaki hapa kwa sababu yako."

Nilijua kwamba hapo ni mahali pa kuona aibu. Niliitafuta, nikaipata, ikiwa ndogo na ya mbali, kama vile mtu anavyohisi akibonyezwa mguu uliokufa ganzi. Nikamwambia, "Nisamehe." Akakata simu.

Wiki tatu hakuandika. Halafu ikaja video, bila salamu. Haikuonyesha uso, ilionyesha mikono yake tu. Alikuwa ameshika ua lenye vichwa viwili, akatumia kijiti cha kuchokonolea meno kukisukuma kichipukizi huku na huku mpaka kikachomoka na shina lake, bila kuchana jani hata moja. Alifanya hivyo kwa maua matatu, polepole, ili nione.

Jumamosi nilibeba vikopo vyote mezani. Vilikuwa vimebaki ishirini na vitano, vingine vilikuwa vimeoza shina bila mimi kutambua. Nilifanya kazi ile kutwa. Mchana nilivunja majani mengi. Jioni mkono ulikuwa umezoea. Sasa yule Mrusi huandika mara mojamoja, mambo ya maua peke yake. Habari za mume wake hajazitaja tena, nami sijauliza.

Mwishoni mwa mwaka mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini kwao Dabani. Kwa Wasamia mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawaketi pamoja, na yeye haingii nyumbani kwangu. Alisimama nje karibu na ukuta, amenipa ubavu, mimi nikasimama mlangoni.

"Mkwe," akasema, "nasikia mwanangu aliacha maua."

"Aliacha, mama."

"Sijawahi kuyaona. Mlikuwa mnayaweka ndani."

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Miaka tisa yote alikuwa akiyasikia tu. Nikatoa kikopo kimoja chenye maua ya waridi, nikakiweka chini katikati yetu, nikarudi mlangoni. Akakiokota, akakitazama kwa muda mrefu, akakifunga kwenye leso na kwenda nacho.

Baada ya mwezi akarudi. "Lile limekufa," akasema. "Nililianika juani. Nilidhani linataka jua kama mihogo."

"Halitaki jua kali, mama. Liweke ndani, karibu na dirisha la asubuhi. Maji liwekee chini, lenyewe litakunywa."

"Utanipa jingine?"

Nikatoa jingine, la zambarau, na mkebe wake. Alilichukua, akanipa mgongo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Sikusogea, kwa sababu desturi hairuhusu, na hata ingeruhusu sijui kama ningejua la kufanya. Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akaniaga, akaenda zake kituoni. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilirudi ndani, nikavua viatu, nikalala mpaka magharibi, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mazishi.