Nilipaka sebule polish miezi miwili nikijiandaa kwa golf ya Mombasa

Wakuu, salaam kwenu. Leo najianika mwenyewe. Chumvi siongezi, na shahidi ninaye humu ndani ya nyumba.

Miaka ya themanini, enzi za chama kimoja, nilikuwa karani wa kiwanda fulani Eldoret. Siasa hatukujadili. Golf tulijadili mpaka chai inapoa.

Kiwanja chetu hakikuwa na green ya nyasi, ile sehemu laini yenye shimo. Kilikuwa na "brown", yaani duara la mchanga uliochanganywa na oil chafu ya magari. Mpira ukitua hapo, unatoa gunia kwenye bag lako, unaliburuta kutoka kwenye mpira mpaka shimoni kusawazisha njia, ndio unapiga putt, kale kapigo ka kusukuma mpira uingie. Asiyeburuta gunia tulimwona hana malezi.

Basi boss akanichagua nikacheze na tawi la Mombasa, kiwanja cha kando ya bahari. Akasema, "Ukishinda, December unarudi huko na mama watoto. Wiki nzima, kampuni inalipa."

Mke wangu, Mama Akinyi, alikuwa hajawahi kuona bahari. Alinunua kofia siku hiyo hiyo.

Wajuaji wakaniambia green za kule zinateleza kama sabuni, na upepo haulali. Nikapaka sakafu yetu polish nyekundu, tabaka tatu, nikalaza kikombe kiwe shimo, mazoezi kila jioni. Mama Akinyi anapunga mfuniko wa sufuria, huyo ndiye upepo.

Katekista alipotutembelea aliteleza toka mlangoni mpaka chini ya meza. Sala aliifanyia huko huko.

Wakuu, mazoezi yalilipa. Mombasa nilipiga putt mpaka nikajiogopa. Tukafika shimo la kumi na nane, la mwisho, tuko sawa. Mpinzani wangu, mhasibu mmoja mpole, akakosa putt yake. Yangu ikabaki, futi tatu tu. Nikiingiza, Mama Akinyi anaona bahari.

Na mtu akiogopa hurudia alichozoea.

Nikafungua bag, nikatoa gunia langu la Eldoret, nikaliburuta polepole juu ya ile nyasi mpaka shimoni.

Mhasibu akaniuliza, "Bwana wee, wafanyani?"

Kumbe kwenye green ya nyasi kusugua njia ya putt ni marufuku. Shimo likawa lake, mechi ikawa yake. Mimi nikaachiwa mstari wa oil kwenye nyasi ya watu.

Nyumbani nilieleza yote. Mama Akinyi alinisikiliza, kofia mkononi.

"Baba Akinyi, miaka tisa kwa hii nyumba hujawahi kushika ufagio. Sasa umeenda mpaka Mombasa kufagia?"

Niliumia, wakuu. Nikachukua ufagio.

Bahari nilimpeleka miaka mingi baadaye, kwa jasho langu. Alivaa ile kofia. Upepo ukaichukua kabla hatujavua viatu, na alicheka mpaka akakaa chini.

Funzo: mazoezi ya miezi miwili hayafuti mazoea ya miaka. Ukienda kwa watu, gunia liache nyumbani.

Wenye aibu zenu za kiwanjani zimwageni hapa, msiniache peke yangu. Nitazisoma nikimaliza kufagia sebule. Tangu siku ile ni kazi yangu.