Yule wa Kwenye Santuri Bado Yuko Njiani

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nisipotaka. Ilikuwa Krismasi, wewe bado uko tumboni, na baba yako yuko Tanga kwenye mkonge, akitafuta hela ya kodi. Mimi si bibi kizee. Nina miaka ishirini na minne. Lakini hasara nayo huzeesha mtu, kwa hiyo ukikua uyasome haya kama unamsikiliza mkubwa.

Alikuwa amempa mwenzake aliyekuwa anarudi huku atuletee santuri, na sahani moja tu ya kupiga. Barua ya baba yako ilisema yeye mwenyewe atafika Krismasi, tupalilie uwele pamoja. Basi baada ya ibada, hapa Iguguno, wanawake wakajaa uani kwetu. Nikazungusha mpini, nikashusha sindano.

Mwanangu, sijui nikuambieje. Gitaa lilivuta sauti taratibu, kama ndama anayemwita mama yake ng'ambo ya bonde. Kisha mwanamume akaimba, wala si kwa kelele, kama anayekunong'oneza wewe peke yako. Mzee wa kanisa alikuja kutukemea kwa nyimbo za kidunia. Akavua kofia, akaketi. Mimi ndiye niliyefika sekondari, nikawatafsiria hicho Kiingereza: yuko njiani kwa miguu, anarudi shambani kwao kwa mpenzi wake, theluji inamwangukia, na mpenzi amemwashia taa dirishani. Wakauliza theluji ni nini. Nikasema ni kitu cheupe cha baridi, kinashuka toka juu kama unga.

"Unga wote huo," akasema Bibi, nyanya yake baba yako, "na yeye anaupita tu kwa ajili ya mwanamke?"

Tukacheka, halafu tukarudi kusikiliza. Nani kati yetu aliwahi kuambiwa, kama yule alivyomwimbia mpenzi wake, kwamba sikukuu haijawa sikukuu mpaka aonekane yeye? Mtu kaimba huko kwenye baridi, kwa lugha ya watawala, na mke wa mkulima wa Iguguno anafuta machozi kwa khanga. Mpaka leo nastaajabu.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu tunapalilia kwa zamu: leo wote shambani kwako, kesho kwa mwenzio. Zamu yangu ilikuwa kesho yake. Nikawaambia waniruke, mume wangu anakuja. Asubuhi Bibi akanikuta na gauni la kanisani, nazungusha mpini, na majembe yote yameelekea kwa jirani. Hakukemea. Akaomba nipige wimbo. Akausikiliza wote, kafumba macho, akaomba niurudie.

"Wimbo ni mzuri sana, mjukuu wangu," akasema. "Ila nimeusikiliza mara mbili, na mara zote mbili huyu mtu yuko njiani. Hakuna anapofika."

Nikanuna. Nikamwambia hajui Kiingereza. Ndiyo, nilimjibu mkubwa hivyo. Mvua ikashuka siku nne mfululizo, na zamu ikishakupita hairudi mpaka imalize wote. Nilipoingia shambani peke yangu, na tumbo langu, magugu yalikuwa yameshaushinda uwele. Baba yako alifika mwezi wa pili, amependeza, kashika sahani ya pili ya santuri. Mwaka ule tulikula ghalani kwa Bibi, naye hakunisimanga hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse msichana mwenye cheti. Sikukatazi nyimbo, mwanangu. Sikiliza, lia, ujue kuna kupendwa kwa namna ile, na usikubali kupendwa pungufu. Lakini usimvike mwanamume wako sauti ya mwingine. Na zamu yako usiitoe kwa ajili ya mtu aliye njiani. Palilia. Akifika, atakuta chakula. Asipofika, wewe utakula.

Mungu akupe moyo wa kutetemeka kwa wimbo mzuri, na mikono isiyosubiri mtu. Na huyo atakayekuimbia, Mungu ampe miguu ya kufika.