Chembe Zisizo na Chaji

Epifania anachaji simu za watu pale sokoni Murungu. Ana sola juu ya bati, meza iliyojaa nyaya, na mdomo usiojua mapumziko. Cherehani yangu iko ubavuni pake, na sikio halina pazia, kwa hiyo kila anachojivunia nakijua.

Mwaka juzi bintiye, Prudence, alipata kazi ya utafiti Ujerumani. Alipopiga simu, mama akamuuliza anafanya nini huko. Prudence akasema, "Napima chembe zisizo na chaji, mama."

Weee! Siku hiyo sikushona kitu. Neno "chembe" Epifania alilikwepa kama shimo la barabarani, akadaka "chaji" tu. "Mwanangu kanirithi!" akatangaza. "Kumbe Wazungu nao simu zinawazimikia!" Nilimtania kwamba basi Prudence amtumie mama yake hata waya mmoja mzima. Hakunijali. Kila aliyeleta simu iliyozima alisimuliwa habari za Prudence kwanza, ndipo simu ikachomekwa.

Juni hii Prudence akaja likizo. Kipriani, mteja wetu wa kila siku, akamuuliza mbele ya watu, "Eti binti, simu za kwao huko hukaa na chaji muda gani?"

Prudence akamtazama mama yake. Niliomba Mungu asicheke. Mimi kucheka nacheka, lakini mimi si mwanawe.

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akamgeukia mama yake, akaeleza taratibu. Huko wanapasha gesi joto kali kuliko la jua, ili siku moja itoe umeme. Hakuna chungu cha kuihimili, kwa hiyo wanaizuia kwa sumaku. Chembe zenye chaji sumaku inazishika. Zisizo na chaji hazishikiki, zinajipitia tu mpaka ukingoni, zinagonga ukuta. Kazi yake ni kuweka vipimo pale ukingoni, ajue ni nyingi kiasi gani.

Epifania alinyamaza. Epifania, kunyamaza! Akakunja waya, akaukunjua.

"Kumbe si simu."

"Si simu, mama."

"Mimi nilijua unafanya kazi yangu, mwana wanje, mwanangu. Nikajisemea, mtoto anayefanya kazi ya mama yake hawezi kumsahau, hata akae mbali namna gani." Akamtazama bintiye. "Kumbe unashinda na vitu visivyoshikwa na chochote. Na wewe je?"

Nilisimamisha cherehani. Roho iliniuma, kwa maana miaka yote hiyo nilidhani ni majivuno tu, kumbe mwenzangu alikuwa anajituliza hofu.

Prudence akamtoa mama yake ule waya mkononi, akakishika kile kiganja.

"Mimi si kama hizo, mama," akasema. "Mimi nina chaji."

Epifania akacheka huku analia, akajifuta kwa kitenge, na simu za watu zikasubiri.