Kichuguu Kilichokuwa cha Jirani

Tuliporudi Dranya, kijijini kwetu, kutoka Zaire, mimi nilikuwa wa kwanza upande ule wote kufyeka majani. Vita vya 1979 vilitutoa nyumbani, na tulikaa ng'ambo miaka mingi. Mtoto wangu wa kiume aliondoka akichunga mbuzi, akarudi mwanamume mwenye mke. Baba yake, ambaye alikuwa soja wa serikali iliyoangushwa, hakurudi. Nyumba haikuwepo. Tulikuta mawe matatu ya jiko na magugu yaliyotuzidi kimo.

Mtoto akaniuliza shamba letu linaishia wapi. Nikamwambia: pale kwenye kichuguu, na kichuguu ni chetu.

Haikuwa kweli. Kichuguu kilikuwa cha jirani. Kwetu kichuguu kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe, kwa sababu ya kumbikumbi wanaotoka mvua zikianza. Nyumba isiyo na nyama, kumbikumbi ndio nyama yake. Zamani mume wangu akitaka kuchimba pale alikwenda kwanza kumwomba baba wa jirani, na kikapu cha kwanza kilipelekwa kwake. Najua, kwa maana kichwa kilichobeba kikapu kilikuwa changu. Lakini tulikuwa na njaa, na watu walituambia kwamba jirani alifia Zaire, yeye na nyumba yake yote. Nikaona ni afadhali tule sisi kuliko wale ndege. Nikakichukua kwa mdomo tu.

Mwaka uliofuata jirani akarudi, mzima, na mke, na watoto, wawili kati yao pacha, ndiyo maana sote tulimwita Baba ya Pacha. Alikuja kunisalimia. Nikampikia, akala akashiba. Hakuuliza habari ya kichuguu, na mimi sikusema. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ile ikapita na msimu mzima.

Halafu ikaja mvua ya kwanza. Ilinyesha asubuhi, mchana jua likatoka kali, hali ambayo kumbikumbi wanaipenda. Mtoto na mke wake wakaenda kichuguuni, wakafunika matundu kwa blanketi, wakachimba shimo dogo chini, wakaanza kugonga vijiti. Ukigonga vijiti hivyo, kumbikumbi wanadhani mvua imerudi, wanatoka. Lakini na jirani alisikia vijiti, akaja. Mimi nilikuwa naanua karanga zangu, karibu tu, nikasikia kila neno.

"Wewe, nani nakuita hapa?"

"Mimi iko kwangu," mtoto akajibu.

"Kwako? Hii kichuguu iko ya baba yangu!"

"Mama nasema iko yetu. Wewe najua kushinda mama yangu?"

"Mama yako iko bibi ya soja. Mpaka leo nafikiri serikali iko yake."

Mtoto akashika mpini wa jembe. Alipiga mara moja tu. Pale nilipokuwa nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, na karanga zikanimwagika.

Polisi wa Koboko walimchukua jioni ile ile. Watu hawakunificha: kuvunja mtu mkono ni jela, na jela ni Arua, na tulijua watu walioingia na hawakutoka. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikuwa nimezika mume bila mwili.

Hakimu alitoka Arua kuja kusikiliza kesi Koboko, katika chumba chenye bati lililotobolewa na risasi. Jua lilipita katika matundu yale na kudondoka juu ya makaratasi yake. Mimi nilizoea hakimu mwenye bunduki. Huyu alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Karani akasoma shtaka. Mtoto akaulizwa, akasema ni kweli, alimpiga.

Nikangoja hakimu aandike miaka. Badala yake akaweka kalamu chini, akamgeukia jirani, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa kwa vibao.

"Mzee, mkono ukipona utakaa wapi?"

"Kwangu, Dranya."

"Na huyu akitoka jela atakaa wapi?"

"Karibu na mimi. Nataka aende wapi ingine?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alieleza polepole, kwa maneno ambayo hata mimi niliyeishia darasa la pili niliyaelewa, kwamba kwa kosa la namna hii sheria inamruhusu kusimamisha kesi na kuwaacha watu wakapatane. Wakipatana kwa haki na kwa hiari, ataimaliza. Wasipopatana, warudi, ataisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini aliyeumia ni wewe," akamwambia jirani. "Kama hutaki, sema hutaki, na mtu yeyote asikuulize kwa nini."

Jirani akautazama mkono wake muda mrefu sana. Nilihesabu matundu ya bati, nikapotea, nikaanza tena.

"Nitajaribu," akasema.

Mimi nikaweka kidole kwenye wino, kumdhamini mtoto. Katika maisha yangu yote serikali ilikuwa inasema, na sisi tunakimbia. Sikujua kwamba serikali inaweza kukaa kimya na kumngoja mkulima aliyevunjika mkono aamue.

Kikao tulikifanya palepale kichuguuni. Alikuja mwenyekiti wa RC, kamati ya kijiji ya wakati ule. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, na daftari lake lilikuwa na alama za grisi. Kila ukoo ulileta mzee mmoja. Kwetu desturi ni hii: anayekuja kupatana anaanza na kosa lake mwenyewe, na haruhusiwi kugusa la mwenzake hata kidogo. Mahakamani nilisikia kila mtu akiulizwa mwenzake alifanya nini. Pale ni kinyume, na ni kazi ngumu kuliko unavyofikiri. Jaribu siku moja.

Mtoto akasema, "Mimi nilipiga mutu hana fimbo. Mkono yake ilikuwa tupu."

Jirani akasema, "Mimi nilitukana mama yake, na yeye nasikia."

Mwenyekiti akafurahi. "Basi! Huyu moja, huyu moja. Iko sawa. Lete maji tunywe."

Maji ya kufunga upatanisho nilikuwa nayo mimi, katika kibuyu. Nilikuwa nimekaa kando na wanawake. Ningeyapeleka tu, na mambo yangeishia hapo, mtoto wangu huru, na kichuguu bado chetu. Hakuna aliyenishtaki. Nikasimama, na sijui nani alinisimamisha.

"Mimi bado," nikasema.

"Mama, wewe hapana katika kesi," mwenyekiti akasema.

"Niko. Hii kichuguu si yetu. Nilijua siku ile nilipomwambia mtoto, na leo najua. Yeye alipigania neno langu."

Mtoto akanitazama. "Mama?" akasema, neno hilo moja. Nimezaa, nimezika, nimetembea kwa miguu mpaka Zaire na mzigo kichwani, lakini sijabeba kitu kizito kama jicho la mtoto wangu saa ile.

Nikamgeukia jirani. Nilitegemea anitukane, na ilikuwa haki yake.

"Mama, mimi najua zamani," akasema. "Baba yangu alinionyesha wewe na kikapu. Mimi nilijua wewe najua."

"Sasa kwa nini hukuwaambia polisi?"

"Polisi naniuliza nani napiga. Hapana kuniuliza nani nadanganya." Akapangusa jasho usoni kwa mkono mzima. "Na kama mimi nasema mbele ya watu mama ya nyumba ile iko mwongo, wewe nakaa tena wapi hapa? Nangoja wewe mwenyewe."

Alikuwa amekula chakula changu akijua. Amevunjwa mkono akijua. Mahakamani neno lile lingemsaidia, na alilimeza ili nisiaibike. Mimi ni mwanamke mgumu, watoto wangu wote watakwambia, lakini siku ile nilimwogopa mtu yule kwa namna ninavyomwogopa Mungu.

Jirani hakutaka mbuzi wa fidia. Alitaka mtoto alime shamba lake mpaka mfupa ushike, na alitaka mimi nitembee kwenye mpaka wa kweli, miguu yangu mwenyewe, watu wa nyumba zote mbili wakiwa nyuma yangu. Nikatembea. Tulipanda katani hatua kwa hatua, mkwe wangu na tumbo lake akinipa miche. Kisha tukanywa kibuyu kimoja, na mzee wa ukoo wa jirani akatupulizia maji ya baraka kifuani, mimi wa kwanza.

Siku ya kurudi mahakamani hakimu akauliza, "Mmepatana? Hakuna aliyewalazimisha?"

Wote wawili wakasema ndiyo. Nami nikasimama. "Mheshimiwa, kosa lilikuwa langu."

Akapekua karatasi zake. "Mama, humu hutajwi."

"Ningestahili kutajwa."

"Hakimu," jirani akasema, "hiyo tulimaliza kwetu."

Hakimu akatutazama juu ya miwani yake ya uzi, mmoja baada ya mwingine. Akaandika kidogo, akafunga faili. Ndivyo ilivyoisha, bila pingu, bila kelele, hata karani hakuinua kichwa. Mimi nilibaki nimesimama mpaka askari akaniambia mama, toka, wengine wanangoja.

Nje, kitambaa kilichoshika mkono wa jirani kililegea. Alijaribu kukifunga kwa meno. Mtoto wangu akasimama mbele yake bila kuambiwa, akaanza kufunga fundo shingoni.

"Polepole, wewe!" jirani akasema. "Hapana kufunga mbuzi."

"Nyamaza basi, baba. Unacheza."

"Nacheza? Palizi ya mihogo iko kesho. Tutaona nani nacheza."

Mtoto akacheka, akavuta fundo, na jirani akainamisha kichwa ili alifikie vizuri.