Nyumba ya Kiuyu Isiyomo Katika Mpango

Hebu mwone akija. Mama wa makamo, buibui limepauka mabegani kwa jua, ameshuka gari karibu na soko la Konde na anavuka barabara polepole kwa sababu nyonga yake haimpi ruhusa ya haraka. Mkononi ana kikapu. Juu ya kikapu kuna ukili wa mkindu uliokwisha kusukwa, umefungwa vizuri, kama wa mtu anayekwenda kushona mkeka kwa shoga yake. Huyo ndiye Bi Kazija wa Micheweni. Ukiuondoa ule ukili, chini yake utakuta bandeji, dawa ya kidonda na kipande cha sabuni. Lakini hakuna aliyewahi kuuondoa.

Bi Kazija yumo katika Mkono wa Heri, jumuiya ya watu wanaojitolea kwenda majumbani kwa wagonjwa wasioweza kutoka. Huwaogesha, huwafunga vidonda, hukaa nao wakazungumza. Hawalipwi. Kila mmoja ana vijiji vyake, na kila mwisho wa mwezi hutuma ripoti kwa sauti kwenye simu ya katibu wao, mwalimu Hudhaifa. Siku ile waliitwa kwenye darasa moja la skuli kusikia mpango mpya.

"Mpango wa miaka kumi," alisema Hudhaifa, huku akiisogeza kompyuta wote waione. "Nimeipa akili mnemba ripoti zetu zote, nikaiambia itutazamie mbele. Nani akichoka nani ashike nafasi yake, kijiji gani kiongezewe watu."

"Miaka kumi?" Aliyeuliza ni Bi Naseem, mwenye duka la vitambaa pale Konde, na ndiye mwenyekiti wao. "Mimi hata Ijumaa sina hakika nayo. Hiyo mashine yako imeandika inshallah?"

"Haikuandika, Bi Naseem. Nimeiongeza mwenyewe, juu kabisa."

Walicheka. Na mpango wenyewe, tusiudhulumu, ulikuwa mzuri. Uliona jambo ambalo wao walikuwa wakiliona na kulinyamazia, kwamba wanazeeka wote kwa pamoja. Ukataka kila mmoja apewe kijana wa kufuatana naye, ajifunze nyumba kwa nyumba kabla mkubwa hajashindwa. Na vijana walikuwa wamejiandikisha, wachache, wanasubiri kugawiwa vijiji.

Kisha Hudhaifa akafika Kiuyu. Kiuyu, mpango ulisema, isipewe kijana. Bi Kazija akipumzika, safari za huko zisite.

"Imejuaje?" aliuliza Bi Kazija.

"Kwa ripoti zako, Bi Kazija. Kila mwezi unasema, Kiuyu wazima, alhamdulillah."

"Ehe, alhamdulillah," alisema Bi Kazija.

"Na mwisho hapa imeuliza swali," Hudhaifa aliendelea. "Inauliza kama yapo mahitaji tunayoyajua ambayo hatukuyaripoti."

Bi Naseem aliurekebisha mtandio wake ingawa ulikuwa umekaa sawa. Mama mmoja aliyekaa nyuma akashughulika na kifungo cha mkoba. Bi Kazija aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akaona kila jicho limekwenda sakafuni, akatambua kila mmoja ana nyumba anayoificha; kumbe si yeye peke yake.

"Hakuna," alisema mmoja.

"Hakuna," wakaitikia wengine. Na Bi Kazija naye akasema hakuna.

Sasa nikwambie kuhusu nyumba ya Kiuyu. Humo anakaa Bi Rahila na binti zake wawili. Mdogo ni Shamima, ambaye posa yake imekuja kutoka Wete na imekubaliwa. Mkubwa ni Asya. Asya ana kifafa tangu utotoni, na mara ya mwisho kilimwangusha jikoni, mguu ukaingia motoni. Kidonda kinapona juu, kinafumuka tena. Bi Rahila hataki kumpeleka hospitali kwa kuogopa macho ya njiani, na Bi Kazija ameshasema mpaka ulimi umechoka. Majirani wanajua tu kwamba Asya ni mtu wa ndani, hapendi watu. Siku Bi Kazija alipofunguliwa mlango mara ya kwanza, alishikwa mkono na kuapishwa: hii sitiri ni yako na yangu. Akakubali. Ndiyo sababu ya ukili.

Walipotoka darasani Hudhaifa alimwita pembeni. Kijana yule ana macho.

"Bi Kazija, kama yupo mtu, niambie. Naweza kuandika bila jina. Mgonjwa mmoja, Kiuyu. Basi."

"Mwanangu, Kiuyu miye naingia nyumba moja tu. Ukiandika mgonjwa mmoja, jina ushaliandika."

Hudhaifa aliihamishia kompyuta kwapa la pili. "Ijumaa baada ya sala nawagawa vijana. Nikishawagawa, wa ziada sina."

Bi Kazija hakurudi Micheweni. Alitafuta gari ya Kiuyu, akabisha mlango wa Bi Rahila, akaweka kikapu chini na kukaa kwenye mkeka kwa kujishikilia ukutani. Alipokwisha kumfunga Asya kidonda alitaka kuinuka, nyonga ikakataa. Bi Rahila akamvuta kwa mikono miwili.

"Unaona?" alisema Bi Kazija. "Bibi wa watu naokotwa kama gunia. Mwakani n'takuja na nini, na mkokoteni?"

"Usiseme hayo, shoga yangu."

"Nayasema. Kuna vijana, Rahila. Wasichana wazuri, wana heshima. Niruhusu nilete mmoja."

"Mlango huu nilimfungulia mtu mmoja."

"Na huyo mmoja akifa?"

"Basi ngoja harusi ipite. Wale wa Wete wakisikia kifafa watasema kimo katika damu. Shamima atavunjiwa posa, akae ndani na dada yake, wawe wawili. Hilo ndilo unalolitaka?"

Bi Kazija alihesabu siku kwa vidole. Harusi ilikuwa mfunguo mosi, Ramadhani ikisha, na vijana wanagawiwa Ijumaa hii. Na baada ya harusi, alijua, kutakuwa na mimba ya Shamima ya kuilinda isisemwe, kisha watoto wake.

Ndipo Asya aliposema kutoka kitandani. "Mnanizungumza kama nimelala. Mbona miye sijaulizwa?"

"Haya, nakuuliza," alisema Bi Kazija. "Weye wataka nini?"

Asya aliutazama mguu wake mweupe kwa bandeji mpya. "Sitaki kuandikwa," alisema. "Wala sitaki kuachwa."

Bi Rahila akatoka kwenda kutia maji ya chai, na hakurudi haraka.

Alhamisi alasiri Bi Kazija alikaa kizingitini kwake Micheweni, ukili mapajani, simu mkononi. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na kila njia ya kulisema ilikuwa na mtu anayeumia. Akisema, Shamima. Asiposema, Asya. Akabonyeza pa kurekodi sauti, akavuta pumzi. Kuku walisikika, na mtoto wa jirani akiita mwenzake. Kisha kidole kikateleza, au alikiachia mwenyewe, hata yeye hana uhakika, na ile sauti ikaenda vile vile, tupu.

Haukupita muda, jibu la Hudhaifa likaja.

"Bi Kazija, nimesikia kuku tu. Ulitaka kuniambia nini?"

Akaiweka simu juu ya ukili. Na wewe uliyefuatana nami mpaka kizingitini hapa, simu ile ingekuwa mkononi mwako, ungemjibuje?